Mbao za Kitanda Chetu

Baba Nyemo, mume wangu,

Nimejifunza kuandika tangu uondoke. Mwalimu wa misheni hapa Mvumi hucheka ninavyoshika kalamu kama ninayekamua ng'ombe, lakini barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Maneno yake sikutaka yapite kinywani mwa mtu mwingine.

Unamkumbuka Mjerumani yule tajiri aliyekuja kwetu Ipagala na michoro yake? Alikuwa na meli ndogo ya starehe huko Dar es Salaam, akataka umtengenezee chumba cha ndani, kuta na viti na meza, kisha kila kitu kipakiwe kwenye treni. Alitaka kuta za mpingo kwa kuwa ni mweusi na unang'aa. Ukamwambia, "Bwana, mpingo ni mzito kama jiwe. Ukijaza juu, meli italala ubavu." Akataka viti vya mahameli. Ukamwambia mahameli hunywa unyevu wa bahari, halafu hunuka. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni, nikasema ngozi ya ndama ikilainishwa vizuri haina taabu hiyo. Ukanigeukia kwa fahari: "Umesikia, bwana? Mke wangu ni fundi kuliko sisi."

Miezi ile ilikuwa mizuri. Nilisugua ngozi kwa mafuta ya nyonyo mpaka zikakunjika kama kitambaa, nawe ukapiga randa mbao za mninga, mpingo ukiuacha kwa vishikio vya milango tu. Binti yetu Nyemo alichezea maranda uani.

Kisha mbao kavu zikaisha. Mjerumani akaleta magogo yaliyokatwa mwezi ule ule, ukayakataa. "Mti mbichi ukifika pwani utapinda. Kuta zitaachana." Yeye alikuwa na haraka, akaona ni kiburi. Msimamizi wake akakuchapa hamsa ishirini mbele ya watu, viboko vyote ishirini na vitano. Nilikukanda mgongo kwa maji ya chumvi, nikakusihi, "Mwekee hizo mbichi. Chumba ni chake, acha zipinde."

Siku ya tatu nilirudi kutoka kisimani nikakuta umevunja kitanda chetu. Kitanda ulichonichongea tulipooana, cha mninga uliokauka miaka minane. Juu yake nilimzaa Nyemo, na juu yake mdogo wake alikata roho.

"Mtoto wangu alifia hapa," nikakwambia. "Unampa mtu aliyekuchapa?"

"Simpi yeye," ukasema. "Nikifanya kazi mbovu, basi viboko vyake vimenishinda."

Sikukuelewa. Siku nane sikukusemesha. Nilitandika ngozi sakafuni, nikakugeuzia mgongo. Ulipopanda treni kwenda kufunga chumba kile melini, Nyemo alikusindikiza na shangazi yake. Mimi niliuona moshi kwa mbali, nikaendelea kutwanga mtama.

Homa ikakukuta huko huko pwani. Habari ilipotufikia, walikuwa wamekwisha kukuzika.

Mwaka uliofuata nilisafiri na Nyemo, tukamtafuta Saidi, fundi mliyefunga naye chumba. Alitupeleka kaburini kwako kwanza. Halafu, mwenye meli akiwa hayupo, akatuingiza ndani. Kuta zilikuwa zimenyooka, hakuna ufa hata mmoja. Nilizipapasa ubao kwa ubao mpaka nikagusa, nyuma ya kiti, alama ya meno ya Nyemo, ya alipokuwa anaota meno na kukitafuna kitanda chetu.

"Alishika randa aiondoe, moyo ukamkatalia," Saidi akasema. "Akaiweka hapo mzungu asiione."

Nikamuuliza kama ulikuwa ukinitaja.

"Kila siku. Alisema akirudi atakuchongea kitanda kingine kabla hata hajala."

Watu husema nimekusamehe. Si kweli, baba Nyemo. Bado naumia, kwa sababu mwanetu aliyekufa hakutuachia kitu kingine. Lakini kinachoninyima usingizi si kitanda. Ni kwamba mgongo wako ulikuwa haujapona, nami nikakugeuzia wangu.

Siku ile sikukuaga. Nakuaga leo. Lala salama, fundi.

Mkeo,
Mama Nyemo