Dhahabu Uliyoingoja

Mama yangu mpendwa,

Unaikumbuka picha niliyokuonyesha kwenye simu, jikoni kwetu Columbia Heights, huku ughaibuni? Kichupa chenye maji mekundu. Ukashtuka: "Damu ya nani hii?" Nikacheka, nikakwambia ni dhahabu, punje zisizoonekana kwa macho, zikielea majini huwa nyekundu, na kazi ikiharibika maji hugeuka buluu. Kisha nikajigamba. Kule maabara, nikasema, tunakunja nyuzi za DNA, zile zinazobeba urithi wa mtu, tunazifanya muhuri wa kuipiga kila punje alama pale tunapotaka, ili ijue ishikane na nini. "Siku moja zitabeba dawa hadi ndani ya uvimbe."

Ningekomea kwenye muhuri. Uvimbe wa ziwa lako ulikuwa umeshaonekana hospitali, nami nilijua.

Jumapili ukasimama kanisani kutoa ushuhuda kwa Kiswahili cha kwetu, ukinionyesha kwa kidole. "Njo mutoto yangu huyu, anatengenezaka dawa na zahabu. Itaniponesha!" Vigelegele vikapigwa, nami nikapunga mkono kama mbunge. Mtoto gani amsahihishe mama yake mbele ya waumini? Ndivyo nilivyojitetea. Kweli yenyewe ni kwamba sifa zilinilevya. Tulikuwa hatujamponya hata panya.

Barua za hospitali zikalundikana mezani bila kufunguliwa. Nilipokubembeleza nikupeleke, ukakikataa kisu cha daktari, "Juu ya nini banikate, na dawa yako iko karibu?" Ningesema tu kwamba haiko karibu. Nikaenda kazini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mama, na tulikuzika kabla theluji haijayeyuka. Nakulilia, na najichukia.

Sasa kuna jambo jingine. Jumapili iliyopita Mama Furaha, mwenzako wa kwaya, alinishika mkono baada ya ibada. Shingo yake imevimba upande mmoja, ameifunika kwa kitenge. Hospitali hataki kusikia. Akaninong'oneza, "Mama yako, siku zilimwishia tu. Miye ntangojea."

Nilisimama pale nikamwitikia kwa kichwa. Tena!

Leo nimempigia simu nimwambie kwamba dawa haipo, haikuwepo hata kwako. Akapokea bintiye mdogo, akanijibu kwa Kiingereza chao kwamba mama amelala. Tangu juzi analala tu, na chakula hataki.

Nimeshika ufunguo wa gari. Pumzika, mama, na uniombee nimkute anasikia.

Kitinda mimba wako