Mama Mkwe Nyuma ya Lori

Ijumaa, 1 Agosti 1958
Nimeosha lori mara mbili. Halikuwa chafu. Leo siku ya nne silali kwangu. Mama mkwe amekuja kutoka Maragoli, na kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja wala hawatazamani usoni. Chumba changu hapa shambani Ruiru ni kimoja. Nimejibanza kwa Joramu wa trekta, anayekoroma.

Amekuja kumchukua mke wangu Rasoa akazae nyumbani. Mimba ni ya miezi saba, treni ni Jumatano. Eti hapa ni mahali pa kahawa, si pa watoto. Dada yake Rasoa alienda kuzaa hivyo hivyo, akakaa miaka miwili. Sitaki. Nitamwambia nani?

Jumamosi, 2 Agosti
Bwana mwenye shamba amekubali lori kesho, akina mama wa kanisa watembee. Mimi ndiye niliyeomba. Mama mkwe aone huku si porini. Rasoa atabaki, barabara mbaya.

Jumapili, 3 Agosti
Asubuhi tuliona mtambo wa zamani wa stima, mtoni Ruiru. Halafu daraja la reli, Thika. Akina mama waliimba njia nzima. Mama mkwe aliketi pembeni, na kila nikitazama kioo cha mlango namwona uso mzima. Aibu. Nikakigeuza kikatazama mawingu. Nilifikiri nimefanya adabu.

Saa tisa, Maporomoko Kumi na Manne. Walishuka. Nikarudisha lori nyuma nitafute kivuli. Makofi kwenye bodi, mayowe, breki. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu akitazama maji. Aliruka, akaangukia mawe. Kidogo tu ningemuua. Adabu gani hiyo?

Sikuweza hata kumkaribia. Nikamtuma Mama Eliza, kiongozi wao, ampe pole. Akarudi.

"Anasema umpe mwenyewe."

Nikasema pole nikiwa nimempa mgongo, macho mtoni. Akawajibu wenzake, si mimi:

"Mwambieni dereva arudishe kile kioo. Mimi si Mungu, akiniona hatakufa."

Walicheka wote. Kaburi la Mzungu kule Kilimambogo, tulikopanga kumalizia, hatukufika.

Jumatatu, 4 Agosti
Hospitali, Thika. Kifundo kimevunjika. Plasta wiki sita, asisafiri. Rasoa hawezi kumwacha mama yake. Basi hawaendi.

Nimefurahi. Nimemvunja mzazi mguu, halafu nafurahi. Mungu anisamehe.

Jumatano, 6 Agosti
Treni imepita.

Jumapili, 7 Septemba
Hakuna aliyenigombeza mpaka leo. Afadhali mama mkwe angenitukana. Kila nikirudisha lori nyuma nasimama, nashuka, natazama, napanda tena. Msimamizi ameuliza kama nimerogwa. Rasoa ananiletea chakula kwa Joramu, tunakula tumesimama. Anasema mama yake anauliza kama nashiba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumapili, 28 Septemba
Msichana. Amezaliwa jana mchana, mle mle chumbani kwangu. Rasoa ni mzima.

Leo baada ya kanisa nilikaa nje, kando ya ukuta, nikimsikiliza mtoto akilia. Sikubisha hodi. Mlango ukafunguka kidogo, mikono miwili ya mama mkwe ikatoka na blanketi. Uso sikuuona.

"Pokea mtoto wako," akasema. "Shika shingo."

Nikashika shingo.