Namba Ine na Sahani ya Yaya

Bukavu, Kadutu, tarehe 9 mwezi wa tatu

Kwa yaya yangu mupendwa Elodie, dada yangu mukubwa, kule Luberizi,

Nakusalimu sana, wewe na Papa Feza na watoto wote. Mugongo ulikuwa unakuuma wakati wa kupanda mupunga; umepona? Sisi huku tuko wazima, ni mvua tu inatusumbua, matope mpaka mulangoni. Muke wangu anakusalimu na anasema umetusahau.

Barua yako ilinifikia siku ya Mungu kisha misa. Nilitambua mwandiko wa Feza, muzuri hivi kwa mutoto wa miaka tisa! Lakini maneno yenyewe yalinikata roho: kwamba Pasaka ikipita Papa Feza anataka kumutoa masomoni kwa sababu haongezeki, mudogo wake Bruno amemupita kimo, na shule inataka mwenye nguvu. Na wewe umekubali, eti ni damu yako, na wewe ulizaliwa hivyo. Kumbe mutoto aliandika hukumu yake kwa mukono wake mwenyewe. Yaya, ngoja kwanza. Niko na neno.

Unajua kazi yangu, ile inayokuchekesha: natunza buibui wakubwa wa manyoya, wale wanaitwa tarantula. Mwaka jana Docteur Camille, mukubwa wetu wa maabara, alinipa kumi, wote watoto wa mama mumoja, kila mumoja ndani ya chupa yake. Alinieleza kwamba mara nyingi dume anakua mbio na anakufa mapema, jike anakua pole pole na anaishi miaka mingi. Lakini alinionya nisiamini mbio peke yake, kwani chakula na joto vinadanganya. Ushahidi ni ngozi wanayovua: unailowesha, unaitandaza, unaangalia na mikroskopi kama iko na kamufuko ka jike.

Mimi, kichwa nguvu! Namba ine alivua ngozi mara tano wakati wenzake walivua mara tatu, basi nikaandika ndani ya kaye, daftari yangu ya kazi: dume. Namba saba alibaki kadogo, nikaandika: jike. Nilikuwa hakika kabisa. Juma lililopita namba ine alivua ngozi nzima, haikupasuka. Docteur aliitandaza, akaangalia, kisha akaniita na mimi niangalie. Kamufuko kalikuwa pale. Jike. Tukaangalia ngozi ya namba saba: dume.

Docteur hakukasirika. Aliuliza tu nani anawalisha. Nikasema ukweli: namba ine alikuwa anakimbilia chakula, nikamupenda, nikawa namupa na mende za namba saba. Docteur alisema kwamba basi kaye yangu haionyeshi nani dume na nani jike. Inaonyesha nani alikula.

Neno hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Muke wangu alipakua chakula, nikashindwa kukigusa.

Feza, mutoto wangu, najua ni wewe unamusomea mama. Maneno yanayofuata yananiaibisha. Soma kwa sauti, usiruke mustari hata mumoja.

Yaya, unakumbuka vita ilipotufukuza mpaka Walungu, wewe na miaka tisa, mimi saba. Maman akienda kulima, wewe ulishuka mutoni kuchota maji. Ukirudi nilikuambia ameacha muhogo wa kuchoma tu. Nilikudanganya. Kila siku aliacha sahani mbili za bugali na maharage chini ya kitunga. Nilikula yangu, nikakula na yako. Jioni Maman akiuliza, nilimwambia umekula ukashiba. Misimu miwili mizima, yaya! Ndiyo maana Maman alisema mutoto huyu anakula lakini haongezeki, Mungu alimuumba hivyo. Ndiyo maana Papa alikutoa shuleni, akaniacha mimi. Na tuliporudi Bukavu kwa miguu, nilipochoka, ni wewe ulinibeba mugongoni. Maman na Papa walikufa bila kujua. Hukuzaliwa mufupi. Mimi ndiye niliyekufupisha.

Basi usimutoe Feza masomoni kwa sababu ya damu. Angalia sahani. Nani anapakuliwa kwanza, yeye ao Bruno? Umupeleke pia kwa munganga wamupime. Na Papa Feza aisikie barua hii yote, hata kama atanidharau.

Shofa Pascal anakuletea ndani ya gari lake pakiti mbili za sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa. Moja ni ya Feza. Ingine ni yako; usimugawie mutu.

Nisalimie majirani wote na mama mukwe wako. Musamaha siuombi kwa karatasi, nitakuja mwenyewe Pasaka nikae mbele yako. Ukikataa kunipokea, utakuwa na haki. Lakini jibu kwanza, hata mustari mumoja, na uandikwe na Feza.

Mudogo wako, aliyekula sehemu yako,
Constantin Mushagalusa