Kitabu Ambacho Mchwa Hawakukila

Bariadi, Jumatano, mwezi wa kumi na moja. Mvua imenyesha alfajiri, si nyingi, ya kutuliza vumbi tu.

Kitabu nilichowaambia watu kwamba kililiwa na mchwa hakikuliwa na mchwa. Kiko chini ya kitanda changu, ndani ya sanduku la bati, kimezungushiwa shuka kuukuu. Kimekaa humo zaidi ya miaka thelathini. Marehemu mke wangu aliondoka bila kujua kwamba alikuwa akilala juu yake.

Nimeandika hayo, nikapumzika kidogo. Moyo wangu umechoka. Daktari aliniambia kwa upole kwamba nisipange mambo ya mbali. Kwa hiyo napanga ya Jumamosi.

Jumamosi ukoo unakaa Ngulyati, nyumbani kwa mdogo wangu Minza. Hoja ni moja: kile kilima chake cha mawe, nyuma ya zizi, kipimwe au kisipimwe. Mwanawe mkubwa, Maduhu, amempata mtaalamu wa miamba, binti aliyehamishiwa mkoani hapa, ambaye yuko tayari kuchukua vipande vya mawe na kuvipeleka maabara. Hakuna anayechimba, hakuna anayeuza. Ni kupima tu, wajue. Minza amekataa. Huu ni mwezi wa tatu mama na mwana hawasemeshani.

Sababu ya ugomvi wao ni mimi.

Ninyi mnaosoma hapa kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, wengi mlikuwa wanafunzi wangu wa jiografia, mnakikumbuka kile kitabu. Nilikipata nikiwa chuo cha ualimu. Ofisi moja ya zamani ilikuwa ikisafisha stoo yake na kuchoma makaratasi, nami nikakivuta kutoka kwenye rundo kabla moto haujakifikia. Ni kinene, cha wakati wa Mjerumani, kinaeleza madini ya nchi hii yote, na mwishoni kina ramani za kukunjua zenye rangi ya waridi na kijani. Miaka ya karibuni nilikitafuta mtandaoni nikakuta maktaba moja ya Ulaya inakitunza kwenye chumba ambacho msomaji haruhusiwi kuingia na kalamu ya wino. Changu kinatunzwa na vidonge vya kufukuza mende.

Niliporudi Ngulyati kufundisha, kitabu kilinipa cheo ambacho hakuna ofisi ingenipa. Watu walikuja na mawe kwenye vikapu, kwenye mifuko ya makoti, kwenye kofia. "Mwangaluka, mwalimu. Kitabu kinasemaje?" Nilivaa miwani. Nilifungua taratibu, nikakunjua ramani, nikatembeza kidole, nikanyamaza kwa muda unaostahili. Kisha nikasema: "Hapa hakuna kitu. Ni jiwe tu." Bibi mmoja alikuja kuniuliza kitabu kinasemaje kuhusu ndama wake aliyepotea. Aibu yangu ni kwamba nilikifungua.

Siku moja akaja Sayi, mume wa Minza. Alikuwa amenyoa na kuvaa koti la kanisani, na mkononi alikuwa na jiwe jeupe lenye michirizi ya kutu, kutoka kwenye kilima chao. Nilifungua, nikatembeza kidole. Nikamwambia hakuna.

Alilitazama jiwe akacheka. "Basi litashikilia mlango wa banda la kuku," akasema.

Hakuuliza tena. Alilima pamba hadi mgongo ukagoma, akafa bila kinyongo na mtu.

Mambo hayakuishia hapo, maana uongo nao una bahati zake. Sehemu nyingine watu walichimba kwa kubahatisha, wakaacha mashimo, ng'ombe wakatumbukia. Kwetu malisho yalibaki. Wakaanza kusema mwalimu alituokoa kwa kitabu chake. Siku ya kuniaga nilipostaafu, mtendaji wa kata aliyasema hayo mbele ya watu wote. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Kabla ya hapo kulikuwa na habari ya mchwa. Alikuja wilayani Mjerumani mmoja, mtaalamu wa visima, kijana mwenye heshima. Akasikia habari za kitabu, akaleta salamu kwamba Jumapili atakuja kwangu tukisome pamoja. Siku moja kabla nikachukua magazeti ya zamani ambayo mchwa walikuwa wameyala kweli hadi hayasomeki, nikayamwaga uani pamoja na udongo wao. Alipofika alichutama, akaokota kipande kimoja baada ya kingine, akitafuta hata ukurasa mmoja uliopona. Alisikitika kama mtu aliyefika msibani. Nilimpa chai.

Leo asubuhi Minza amekuja kunitazama, nyuma ya bodaboda, na ndoo ya michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, mapajani. Tulizungumza Kisukuma, nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Mwangaluka, kaka. Hujafa?"

"Bado."

"Afadhali. Michembe hii nisingejua nimpe nani. Meno ya wenzako wote yamekwisha."

Tulicheka. Kisha akalianza lile lililomleta. "Maduhu anataka kuleta kitoto cha juzi na nyundo yake kije kikubishie wewe. Kwenye kilima changu! Nimemwambia, mjomba wako alisoma kitabu kizima. Wewe umesoma nini? Simu?"

Nikamwambia Maduhu ni mtoto mzuri.

"Mzuri akinyamaza," akasema. "Na siku ukitangulia, kaka, ndiyo basi kabisa. Nani atalivuka neno lako?"

Hapo ndipo nilipoogopa, kuliko nilivyoogopa kwa daktari. Kwetu neno la aliye hai hubishaniwa hata na watoto. La marehemu huachwa lilivyo. Nikifa na neno langu, kilima kile kitafungwa kwa vizazi, na Minza ataishi miaka yake iliyobaki akigombana na mwanawe kwa kulinda heshima yangu. Ni huyuhuyu Minza aliyebaki na ng'ombe wa baba ili mimi niende shule. Alichunga zamu zake na zangu.

Nikamwomba avute sanduku lililo chini ya kitanda.

Alikifungua kile kifurushi, akakitambua kabla shuka halijaisha kufunguka. Akakaa sakafuni. "Mayu wane, mama yangu! Kumbe mchwa walikitapika?"

Nilicheka hadi nikakohoa, naye akanipiga mgongoni, na mapigo mengine hayakuwa ya kutibu kikohozi.

"Ulimdanganya yule mzungu," akasema.

"Nilimdanganya."

"Na sisi sote."

"Na ninyi."

Alipekua kurasa kwa ncha ya kidole. Hajui kusoma, lakini alikishika vizuri kuliko nilivyokishika mimi. Nikamwambia Jumamosi awaache wapime.

"Kwani kitabu kimebadilisha maneno?"

"Hapana."

"Basi nini?"

Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote. Swali hilo la maneno mawili nililijibu kwa kufuta miwani. Minza alingoja. Kisha akajifunga kanga upya, akaenda, hakuniaga. Ndoo ameiacha.

Baada ya kukaa sana nikampigia simu Maduhu. Nikamwomba aje Ijumaa achukue kitabu, akipeleke kwa yule binti wa miamba kikae kazini kwake, mahali ambapo wenye kukihitaji watakiona.

"Mjomba, unaumwa?" akaniuliza.

"Naumwa kila siku. Njoo."

Nikamwambia pia kwamba leo nitaandika hapa, na Jumamosi, kabla mtu yeyote hajasema, amsomee mama yake nilichoandika, mbele ya wote. Akauliza kama mama ameniambia lolote juu yake. Nikamwambia amesema wewe ni mzuri ukinyamaza. Nilimsikia akicheka, na kicheko chake ni cha Sayi mtupu. Akasema ataleta na samli.

Nimekula michembe mitatu. Ni mara ya kwanza wiki hii kuhisi njaa. Dirishani harufu ya udongo uliolowa inaingia, na majirani wameanza kubishana nani ataanza kulima. Sitarajii dhahabu, wasomaji wangu. Huenda maabara ikasema ni jiwe tu, na kilima kibaki cha mbuzi. Ninachokitaka ni Minza na Maduhu wale tena kwenye sahani moja, na watakachoamua wakiamue kwa kujua. Nikiwapo Jumamosi, nitakwenda nao. Nimeshamwambia Maduhu atafute gari lisilorusha sana.

Sasa, Minza, mdogo wangu, hapa mwanao asome taratibu.

Uliniuliza basi nini. Kitabu kile kimeandikwa Kijerumani, na mimi Kijerumani sijui. Sikuwahi kukijua, hata salamu. Nilikuwa naangalia ramani na nasema hakuna, kwa sababu hakuna ndilo jibu ambalo mtu harudi kukuuliza zaidi. Sikulinda malisho ya mtu. Nililinda jina la mwalimu. Mwaka huu nimejaribu simu isome badala yangu, lakini herufi zile za kizamani zenye miiba zimeishinda, ikaniletea habari za kondoo na askofu.

Kuna ukurasa mmoja ambao nimeutazama tangu ujana. Jina la kwetu limo, limeandikwa vibaya lakini ni lenyewe. Mstari huohuo lipo neno la dhahabu, ambalo Wajerumani huliandika kama Waingereza, kwa hiyo hilo nililitambua. Kati ya jina letu na neno hilo kuna maneno manne. Sayi aliposimama mbele yangu na jiwe lake, ukurasa huo ndio uliokuwa wazi mikononi mwangu, na nikamwambia hakuna.

Sikujua maneno yale manne yanasema nini. Hadi leo sijui.