Shuka Halikamuliwi na Mtu Mmoja

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimekwenda kuuona mchezo wa dobi mara ya kumi na tisa. Mjukuu anasema ishirini. Yeye anahesabu kutoka dirishani anakouzia tiketi. Mimi nahesabu kwa magoti, na ngazi za kwenda viti vya juu nazijua moja moja.

Dobi kaimba vizuri. Ila ile pasi! Nimeshasema, pasi yenye makaa haishikwi kama kikombe cha chai. Nimefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita, hakuna wa kunifundisha dobi anavyosimama. Kukamua kaweza, lakini. Anafunga ncha moja ya shuka kwenye nguzo, anasokota peke yake, maana binti yake aliyekuwa akishika ncha ya pili kamfukuza kwa mdomo wake mwenyewe. Hapo huwa nalia. Najifanya natafuta leso.

Halafu binti anarudi, anabisha. Dobi anauliza, nani? Binti kimya. Aibu imemkaba. Sisi wa juu tunamjibia — ni mimi, mama, fungua! Kosa langu hilo. Mara yangu ya tatu kuja, kimya kile kilinishinda, nikajisahau, nikapiga ukelele kama niko jikoni kwangu. Ukumbi mzima ukacheka. Wiki iliyofuata wakajibu watu kumi. Sasa imekuwa desturi, na mimi naitwa Bibi Fungua. Mtu mzima na heshima zangu!

Bado wiki nne. Tarehe 31, tiketi mbili, viti vya pamoja. Moja iko kwenye kopo la vifungo. Nyingine nilimpelekea mdogo wangu kwa posta, ndani ya bahasha, bila barua. Ningeandika nini? Hajajibu. Lakini hajairudisha.

Jumanne, 6 Mei

Wanafunga mchezo!

Mjukuu kaingia hata viatu hajavua. Ulikuwa wa kwenda mpaka Agosti. Sasa mwisho Jumapili ya tarehe 18. Kisa, viti havijai. Nikamwambia, na tarehe 31 yangu? Akasema fedha nitarudishiwa. Nikamwambia fedha kaa nazo, mimi nataka tarehe 31. Akasema taratibu, kama anaongea na mgonjwa — Bibi, tarehe 31 ukumbi una mkutano wa wauza bima.

Wauza bima!

Sikula.

Jumatano, 7 Mei

Sikulala vizuri, basi niandike, nisije nikawa mwongo mpaka kwa daftari.

Mama yetu aliugua miezi mitano. Nikamuuguza mimi. Mdogo wangu hakutia mguu. Alikuja siku ya mazishi, kakonda, kajitanda mpaka macho. Nikasema mbele ya watu wote — wewe njia ya kuzika unaijua, ya kuuguza uliisahau. Akaondoka kabla watu hawajatawanyika.

Mwaka ukapita, shemeji akaniambia. Miezi ile mitano naye alikuwa kalazwa. Kapasuliwa tumbo mara mbili. Alikataza tusiambiwe, ili Mama asife na hofu mbili.

Nikajua. Nikanyamaza. Nilisema nitakwenda mwezi ule, halafu sikukuu, halafu kimya kikaota ndevu. Sasa miaka kumi na moja.

Mchezo ungenisemea. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Akae kando yangu, amwone dobi na nguzo yake. Sisi tulikua tukikamua pamoja, yeye anasokota kulia, mimi kushoto, tukicheka mpaka shuka linaanguka mchangani na Mama anatufukuza na fimbo ya kufulia. Halafu ule wakati wa kujibu, tungejibu wote, nami ningemshika mkono gizani. Basi. Bila neno. Mtu wa kichwa kigumu naye hutafuta mlango wa nyuma.

Wameuziba.

Jumapili, 11 Mei

Leo nje ya ukumbi watu kama siafu. Mabango, nyimbo, machozi. Kuna vijana wamepaka povu la sabuni usoni, ati maombolezo. Muuguzi wetu wa viti vya juu, yule anayekuja na sare yake kutoka zamu, alikuwa anakusanya saini. Kikohozi naye, mzee wa kiti cha pembeni, kasimama juu ya kreti anahutubia mpaka kikohozi kikamshusha.

Msichana mmoja kanililia begani. Simjui. Akasema mchezo huu ndio maisha yake. Nikamuuliza, umeuona mara ngapi? Akasema mara moja, na nyimbo anazo zote kwenye simu.

Nikapandwa na hasira. Nikawaambia — Jumatano zile za mvua mlikuwa wapi? Tulikuwa kumi na wawili juu na paka mmoja! Mnakuja kulia kwenye maiti ambayo hamkuipa hata uji!

Muuguzi akasema, Bibi Fungua, leo umetufungia wote. Wakacheka kidogo.

Njiani kurudi maneno yangu yakanirudia. Maiti, uji, kuuguza. Mdomo huu huu! Miaka kumi na moja haujajifunza kitu. Na mara ya kwanza ilikuwa kwa nani? Kwa mtu aliyekuwa na nyuzi tumboni.

Nilitia saini. Ni jina tu, lakini nililiandika kwa kukaza.

Jumanne, 13 Mei

Mjukuu kanitafutia viti viwili vya Jumapili ya mwisho. Sijui kambembeleza nani. Akasema, sasa mpigie Bibi Mdogo umwambie siku imebadilika. Nikasema nitapiga, lete simu yako. Akasema, sasa hivi, Bibi. Nikamwambia toka nje kwanza, simu ya watu wazima haisikilizwi.

Nikapiga. Ikaita mara nne.

— Halo? Nani?

Sauti ile ile. Imekuwa na mikwaruzo, lakini ile ile.

— Nani mwenzangu?

Nikakata.

Mjukuu akauliza, umemwambia? Nikasema ndiyo.

Jumapili, 18 Mei

Umekwisha.

Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Leo ndiyo viti vimejaa! Nikaweka mkoba wangu kwenye kiti cha pili. Mwanamume mmoja akauliza, Bibi, hapa pana mtu? Nikasema pana. Akaja mwingine. Pana. Taa zikazimwa. Mjukuu aliyekuwa amesimama nyuma akaniinamia, Bibi Mdogo vipi? Nikasema tumbo limemkamata. Uongo wa pili, na huo wa tumbo Mungu anisamehe.

Dobi akafunga shuka kwenye nguzo. Akasokota. Pasi kashika sawa! Mara ya mwisho ndiyo kashika sawa.

Binti akabisha. Dobi akauliza, nani?

Watu mia sita wakajibu. Juu, chini, mpaka mabawabu. Paa likatikisika. Mimi, niliyeanzisha? Midomo imefunguka, sauti hakuna. Nikabaki nimeshika mkoba kwenye kile kiti kama ni mkono wa mtu.

Baadaye mlango wa nyuma, tukapanga mstari kuwaaga. Dobi katoka bila rangi usoni. Kumbe mtoto mdogo tu! Akanishika. Akasema, leo sikukusikia, Bibi. Watu mia sita, na kaona yangu haipo! Nikamwambia nina mafua. Akasema ile siku ya kwanza nilipojibu, alikuwa ameamua kuacha kazi, anawaimbia viti vitupu na hajui kama kuna anayesikia. Nikamuuliza kesho utafanya nini? Akainua mabega. Nikamwambia kula vizuri, na makaa usiyasogelee na nguo hiyo. Ndiyo maneno niliyopata. Wengine walimpa maua.

Jumatano, 21 Mei

Wamebandua bango. Imebaki gundi ukutani, umbo la mtu aliyeinama.

Grupu la simu bado wanalia, mjukuu ananisomea. Muuguzi kaandika kuwa akitoka zamu miguu inampeleka ukumbini yenyewe, anafika, anakumbuka.

Na mimi.

Alhamisi, 29 Mei

Kesho kutwa ndiyo tarehe 31. Tiketi anayo. Gazeti hasomi, simu yake ni ya mezani, ya kupokea tu. Nani atamwambia?

Najiambia hatakuja. Kama hatakuja, hakuna haja ya kumwambia. Hesabu imekaa vizuri. Sasa mbona nimesugua sakafu mara mbili leo?

Jumamosi, 31 Mei

Ninaandika nimekaa kwenye ngazi, mlangoni kwake. Nyumba ya vyumba, ghorofa ya tatu. Jirani kanipa kigoda nimekikataa.

Asubuhi niliamka nikamwona. Ameketi mbele ya ukumbi, amevaa vizuri, na wauza bima wanampita na mafaili yao. Ilikuwa kichwani tu, lakini sikuweza kumeza chai. Nikashika mkoba na daftari, nikapanda basi la saa tatu. Nikasema nitamwambia uso kwa uso kabla hajatoka, mchezo ni saa tisa.

Nikabisha. Kimya. Nikabisha tena. Akatoka jirani, mwanamke mnene mwenye vibanio vya nywele kichwani.

— Kaondoka kitambo, huyo. Tangu saa tatu. Kanikopa hereni, nimemfunga zipu mwenyewe. Anakwenda kuona mchezo na dada yake.

Nikamwambia, dada yake ni mimi.

Akanitazama kutoka kitambaa mpaka viatu.

— Kumbe upo kweli! Mimi nilidhani hadithi.

Nilistahili.

Mabasi yetu yamepishana njiani. Yeye anakwenda kwenye mlango uliofungwa, mimi nimekuja kwenye mlango uliofungwa. Kama tumeambizana!

Nikaomba simu ya jirani, nikampigia mjukuu dirishani. Akasema, Bibi, alikuwa hapa. Alifika mapema ili asichelewe. Nimemwambia mchezo ulifungwa, akauliza kama wewe unajua. Nikamwambia Bibi anajua, tena alisema amekuambia.

Nikauliza, akasemaje?

— Ameikunja tiketi, ameiweka kwenye pochi. Akaomba maji. Sasa hivi amekwenda kupanda basi.

Nikamwambia mwite. Akasema limeshaondoka, Bibi. Halafu akasema, na sijawahi kumsikia hivyo — kwa nini ulinidanganya? Nikarudisha simu ya watu.

Sasa anajua kwamba nilimwacha aje. Na hereni za kuazima!

Jirani kasema, ingia kwangu ungoje, basi ni mwendo wa saa mbili. Sitaki. Nikiingia kwake nitapata kiti, nikipata kiti nitapata maneno ya kumsengenyea mtu. Najijua.

Naangalia mlango. Rangi imebanduka chini. Kwenye reli ya ngazi kuna shuka kalianika, bado linadondosha maji. Nikalishika — kazi haiachi mkono — nikaona halikukamuliwa vizuri. Nikalifuata mpaka mwisho. Ncha moja imefungwa fundo kwenye reli. Fundo la Mama, la mara mbili. Na chuma pale kimechakaa, kimeng'aa kama pete.

Anasokota peke yake. Miaka yote hii. Dobi yule aliigiza miezi minne nikamlilia kila Jumamosi.

Nimejaribu kufungua fundo, vidole vimekataa. Nimeliacha. Nimeshika ile ncha ya pili, nimeisokota kushoto kidogo, maji yakatoka. Mtu mmoja hawezi. Nimekaa.

Nimetafuta cha kusema. Nimeandika hapa kwenye daftari, nikafuta. Nimeandika tena. Neno lenyewe fupi, hata mimi wa darasa la nne nalijua herufi zake. Kulitamka ndiyo shughuli.

Saa nane na kitu. Jirani katoa kichwa, kasikiliza, karudi ndani akauvuta mlango taratibu. Viatu chini. Vinapanda ngazi tatu, vinapumzika. Tatu, vinapumzika. Lile tumbo.

Ghorofa ya pili.

Simuoni bado. Yeye kaona miguu yangu, maana kasimama. Anapumua. Anauliza kutoka huko chini —

nani huyo kakaa mlangoni kwangu?