Nimemsahihisha Mama Mkwe kwa Wino Mwekundu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijawa mgeni ndani ya nyumba yangu mwenyewe, maana mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa darasa la jioni la watu wazima, na muhula huu mama mkwe wangu, fundi cherehani mstaafu tunayeishi naye, alijiandikisha bila kuniambia, nikamkuta dawati la mbele na miwani yake, nikafurahi sana ila nikajiapiza sitampendelea, basi wiki iliyopita nikawapa zoezi la alama za kunukuu, waandike mazungumzo ambayo wangetamani kuwa nayo na mtu, naye akaandika ukurasa mzima bila kufungua wala kufunga nukuu hata moja, watu wawili wanaongea kwenye mstari mmoja kama wanagombania mlango, koma hazionekani, nikamzungushia makosa ishirini na matatu, nikampa mbili juu ya kumi kama ambavyo ningempa mtu yeyote, na tangu hapo ananiita Mwalimu, tena haongei na mimi moja kwa moja, anamwambia mume wangu, "Mwambie Mwalimu chai iko mezani," na mimi nimekaa hapo hapo, mume wangu anacheka tu, na jana kasema darasani haji tena, sasa mshauri, nimekosea wapi? Nakala ya ukurasa wake hiyo hapo, jionee mwenyewe.

Ni mimi, Kalamu Nyekundu

Kalamu Nyekundu, pole, na nisamehe, hapo kwenye chai nimecheka. Makosa yapo kweli. Nimeyahesabu, ni ishirini na manne, moja limekupita. Kila msemaji apewe mstari wake, na maneno yake yafungwe ndani ya nukuu pamoja na koma yake. Hilo umefundisha sawasawa.

Lakini umenieleza kila alama iliyokosekana, na hukunieleza hata neno moja walilosema hao watu. Mwenzangu, ukurasa huu uliusoma au uliukagua tu? Mimi nimeusoma. Kiingereza chake kinachechemea lakini kinafika. Mama yuko jikoni na mke wa mwanawe, ambaye ametoka kazini hoi. Anamwambia aache sahani, ataziosha yeye. Mwenzake anabisha, na sina shaka ndivyo unavyobisha. Kisha mama anamwambia: sikukuzaa mimi, lakini ningeambiwa nichague binti, ningekuchagua wewe.

Pembeni ya mstari huo, kwa wino wako, umeandika: "Nani anasema?"

Mtu mzima kahangaika na kamusi kutafuta namna ya kusema jambo ambalo kwa lugha yake mwenyewe linamkwama kooni, na wewe unamuuliza nani anasema. Hata mimi nisingerudi darasani.

Sasa sikiliza. Maksi usiziguse, ukimwongezea kwa huruma utakuwa umemdharau mara ya pili. Wala usimtume mumeo, yeye abaki na kicheko chake. Leo leo mwombe radhi mama, si kwa kumsahihisha, bali kwa kutomsoma. Kisha mkae na ukurasa huo, yeye asome maneno ya mama kwa sauti, wewe usome ya mke wa mwanawe, na kila sauti inapobadilika mtie alama pamoja. Mkifika kwenye mstari ule, usitie kitu kwanza. Ukurasa wake unaishia hapo, na mke wa mwanawe bado hajajibu. Mjibu.