Ufagio wa Fundi Zabroni

Fundi Zabroni,

Sikuulizi hali. Mimi ni mzima, na nina hasira nawe.

Tangu tukuzike, hapa karakana Kasulu nimevunja visu vitatu vya mashine ya kuchonga chuma, vile vyembamba kama penseli. Kikabaki kimoja. Nilikuwa nachonga mifereji kwenye gurudumu la pampu ya kijiji chetu, Titye, lile la alumini tuliyoyeyusha wote wawili kutoka kwenye pistoni kuukuu. Mke wangu ana mimba ya miezi minane, na alikuwa bado anashuka bondeni na ndoo kichwani.

Nilifanya ulivyonifundisha. "Polepole, Gervas, alumini haina haraka." Nikazungusha kisu polepole, nikasogeza meza ya mashine polepole. Alumini ikapata moto, ikang'ang'ania meno ya kisu, kisu paa! Mara tatu! Nikaulaumu mkono wangu, maana ulizoea kusema mkono haufundishwi, mtu huzaliwa nao.

Wiki mbili zilizopita mkeo akaniletea gunia la maranda ya alumini uliyokuwa ukipeleka nyumbani. Miaka sita ulifagia mwenyewe chini ya mashine, ufagio hukuniachia hata siku moja, nami nikakusifu kwa watu: fundi mkubwa, hana majivuno. Kumbe ulikuwa unanificha maranda! Maranda yako ni manene, yamejikunja, yananuka mafuta ya taa. Yangu ni unga. Nikafungua kifuniko cha mkanda. Puli ya kasi, ile ya kuzungusha kisu mbio, uliyosema haitumiki, inang'aa kwa kusuguliwa. Kwa hiyo kila uliponituma stoo ulikuwa unahamishia mkanda kwenye puli hiyo!

Nikauhamisha. Nikakimwagia kisu mafuta ya taa, nikachonga kina kidogo kidogo, lakini meza nikaisukuma bila kuibembeleza. Kisu kikaimba kama kwako. Nililia pale pale, Fundi, kwa hasira na kwa kukukosa. Uliogopa nini? Tumekula sahani moja. Si ungeniambia tu?

Pampu imefungwa Titye, na jana mke wangu alichota maji karibu na nyumba.

Pumzika, Fundi, ila choyo chako sitakirithi. Nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu: ALUMINI, KISU KIDOGO, PULI YA KASI, MAFUTA YA TAA. Maranda yangu ya leo yako sakafuni. Nakuahidi, hayafagiwi mpaka kila anayefanya kazi hapa ayashike kwa mkono wake.

Gervas